Mfupa Mzima, Mkono Haunyanyuki: Jinsi Kano Inavyorudishwa Mahali Pake

Mtu ameanguka na bodaboda barabara ya Iringa. Bega linauma, anapelekwa hospitali, anapigwa eksirei, anaambiwa mfupa ni mzima. Anarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Wiki tatu baadaye bado hawezi kuchana nywele wala kuanika nguo kwenye kamba, na hapo ndipo maneno yanapoanza: daktari hakuangalia vizuri, mshipa umehama, apelekwe kwa mzee fulani anayejua kukanda. Baadaye kabisa bingwa wa mifupa anasema kano imeng'oka kwenye mfupa na inatakiwa ifungwe upya kwa nanga, yaani kifaa kidogo chenye uzi kinachozamishwa kwenye mfupa. Ndugu wanatoka kliniki wakiwa wameshika neno moja tu: chuma.

Mazungumzo ya namna hii ni mengi Dodoma. Mji unajengwa kila upande, bodaboda ni nyingi, na mafundi wa rangi na wa dari hushinda mikono ikiwa juu ya kichwa. Majeraha ya bega na goti hayawezi kukosekana. Hofu nyingi ninazozisikia zingepungua kama watu wangelijua jambo moja: kifaa kinachowekwa hakiponyi chochote. Kinashikilia tu kano igusane na mfupa bila kusogea, mpaka mwili wenyewe uoteshe mshikamano mpya. Namna kilivyobuniwa, kuanzia meno yake hadi mpini anaoushika daktari, inatokana na kazi hiyo moja.

Tuanze na majina. Msuli ni nyama inayovuta. Unapofika mwisho, msuli hugeuka kuwa ukanda mweupe, mgumu, usiovutika sana, unaoshika mfupa. Huo ukanda ndio kano. Ligamenti inafanana na kano, ila yenyewe huunganisha mfupa na mfupa ili kiungo kisiyumbe. Gegedu ni tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ili ziteleze. Mitaani vyote hivi, pamoja na njia za damu na za fahamu, huitwa mshipa, hivyo mgonjwa akisema mshipa umekatika, anayemsikiliza hajui hata aanzie wapi. Wataalamu huviita kano, ligamenti na vingine vya jamii hiyo kwa pamoja tishu laini.

Sasa ile eksirei. Picha hiyo huonyesha vizuri vitu vyenye madini ya kalsiamu, yaani mifupa. Kano haina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo miale hupita na picha haionyeshi kitu. Aliyesema mfupa ni mzima alisema kweli, ila kweli hiyo inahusu mfupa peke yake. Kano huonekana kwa ultrasaundi ikiwa mikononi mwa mtu anayeijua, au kwa MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku kubwa. Na kabla ya mashine yoyote, daktari anayemwambia mgonjwa anyanyue mkono pembeni huku yeye akiukandamiza kidogo anaweza kugundua mengi kwa dakika mbili. Ukiambiwa mfupa mzima na mkono bado haunyanyuki baada ya wiki mbili, rudi. Usisubiri ifike miezi mitatu.

Mahali kano inapokutana na mfupa pana tatizo kubwa la kihandisi. Kitu laini kikishikana na kitu kigumu, mvutano hujikusanya kwenye mpaka wao, na hapo ndipo huachana. Mwili umelitatua kwa kutoweka mpaka mkali. Ndani ya nafasi ya karibu milimita moja, kano hugeuka kuwa gegedu lenye nyuzinyuzi, kisha gegedu hilo huanza kubeba madini, kisha ndipo mfupa wenyewe. Tabaka nne, zinazoingiliana polepole, kila moja ngumu kidogo kuliko iliyotangulia. Ni kazi ya ajabu, na upasuaji wa leo haurudishi tabaka hizo kama zilivyokuwa. Kinachoota baada ya upasuaji ni kovu. Kovu zuri linatosha kabisa mtu kurudi shambani, lakini halifikii ubora wa lile umbile la awali, na mwili unahitaji miezi kulijenga.

Kwa nini basi kano iliyong'oka isijirudie yenyewe? Mfupa uliovunjika una bahati: ncha zake zikilinganishwa na kutulizwa kwa plasta ngumu ya P.O.P, huungana. Kano imeshikwa na msuli, na msuli hauachi kuvuta. Ikishang'oka, msuli huivuta kwenda ndani, wakati mwingine sentimita kadhaa mbali na mahali pake. Kwenye bega na goti kuna pia maji ya kiungo yanayoosha damu iliyotakiwa kuganda na kuanzisha uponaji. Miezi ikipita bila kazi, msuli wenyewe hunywea na kujazwa mafuta, na msuli uliogeuka mafuta haurudi kuwa msuli hata ukifungwa upya kwa ustadi wa namna gani. Ndiyo maana mabingwa hulalamika sana juu ya wagonjwa wanaofika wakiwa wamechelewa. Wanajua kwamba kazi iliyokuwa nyepesi miezi miwili baada ya jeraha huwa ngumu baada ya miezi kumi, na mara nyingine haiwezekani.

Hapa nisiwatishe watu bure. Si kila kano iliyochanika inataka kisu. Wazee wengi wana mpasuko mdogo begani bila hata kujua, na mazoezi ya fiziotherapia huwatosha. Kano kubwa ya kisigino, hata ikikatika kabisa, huweza kupona bila kushonwa ikiwa mguu utafungwa mapema, vidole vya mguu vikielekezwa chini, na kusimamiwa vizuri. Ninazungumzia hali ambayo bingwa amepima, akaona kano imeachia mfupa, mwenye nayo anauhitaji mkono wake, na kungoja hakutasaidia.

Njia ya zamani ilikuwa kutoboa mfupa. Mwaka 1911 Ernest Codman, daktari wa Boston, Marekani, aliandika kuhusu kano za bega zilizong'oka ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezishona. Kwa miongo mingi baadaye mabingwa walifuata wazo hilohilo: unatoboa matundu mawili kwenye mfupa, unapitisha uzi kwenye kano, unauingiza tundu hili na kuutoa lile, kisha unaufunga fundo juu ya kipande cha mfupa kilichobaki katikati. Ni njia nzuri. Inataka drili, sindano imara na uzi, basi. Ubaya wake ni kwamba inahitaji mkato mpana ili mikono iingie, na mfupa ukiwa laini, uzi huweza kuukata ule ukingo unaoushikilia, fundo likabaki linaning'inia.

Kwenye miaka ya 1980, huko huko Marekani, likaja wazo la nanga: kifaa kidogo, siku hizi mara nyingi kati ya milimita 2 na 6 kwa unene, kinachozama ndani ya mfupa kikiwa na uzi umefungwa kwake. Nanga ikishakaa, ncha za uzi hubaki nje. Daktari huzipitisha kwenye kano kwa kifaa cha kushonea, anaivuta kano mpaka ilale juu ya mfupa, anafunga. Hakuna haja ya kutoboa upande wa pili wala ya mkato mpana, na kazi inaweza kufanyika kupitia matundu madogo huku kamera ikionyesha ndani ya kiungo.

Mfugaji wa Bahi anayemfunga mbuzi malishoni analijua tatizo zima la nanga. Kiangazi, ardhi ikiwa kavu, kigingi kifupi kinatosha. Mvua zikishaanza udongo ukalowa, kigingi kile kile kinang'oka mbuzi akikurupuka mara mbili. Atatafuta kirefu zaidi, au kinene zaidi, au atakilaza kidogo upande ulio mbali na mbuzi ili kamba isikivute kwenda juu moja kwa moja. Na hata kigingi kikikaa imara, kamba inaweza kusagika pale inapokizunguka, au ikakatika, au ikamkaba mbuzi shingo. Badala ya udongo weka mfupa, badala ya kamba uzi wa upasuaji, badala ya mbuzi kano, na umeuelewa ubunifu wa kifaa hiki kwa miaka arobaini.

Kulaza kigingi hata mabingwa walikujadili. Mwaka 1995 Stephen Burkhart, bingwa wa mabega wa Texas, alieleza mwinamo wa nanga kwa kuangalia jinsi nguzo za uzio wa mifugo zinavyofungwa kwa waya kwenye kitu kizito kilichofukiwa ardhini, akapendekeza mwinamo wa digrii 45 hivi. Baadaye majaribio ya maabara kwa nanga zenye meno ya skrubu yalionyesha kuwa kuiingiza wima hushika vizuri pia, na mara nyingine zaidi, kwa sababu meno hushika kwa namna isiyofanana na mti laini uliozikwa. Leo mabingwa wanatofautiana kwa hoja nzuri pande zote.

Udongo sasa, maana yake mfupa. Kichwa cha mfupa wa mkono, pale kano za bega zinaposhika, kina ganda jembamba gumu kwa nje, na ndani kina vishimo vishimo. Kwa kijana wa miaka 25 vishimo hivyo vina kuta nene. Kwa mama wa miaka 65, hasa baada ya hedhi kukoma, kuta zimekuwa nyembamba na nanga inaweza kuchomoka ikivutwa polepole mara nyingi, hata kama mvuto mmoja mkubwa iliuvumilia. Mbunifu ana mambo machache ya kubadilisha. Meno mapana yenye nafasi kubwa kati yake hushika vizuri sehemu ya vishimo. Meno ya karibu karibu hushika ganda gumu. Nanga nene hushika zaidi, lakini inakula mfupa, na ikishindwa inaacha shimo ambalo daktari wa awamu ya pili hatakuwa na pa kuweka nyingine. Baadhi ya nanga za mwanzo hazikuwa na meno kabisa. Zilikuwa na vipande vya nitinoli, aloi ya nikeli na titani inayojikunja ikipita kwenye tundu na kufunguka ikifika ndani, hivyo zikajishikilia chini ya ganda.

Nanga ilipokuwa imara, tatizo likahama. Uzi ukaanza kukatika kwenye kijitundu cha nanga, kwa sababu kingo za chuma ziliusaga kila daktari alipouvuta ili fundo lishuke. Wabunifu wakalainisha kingo, wengine wakaondoa kijitundu cha chuma na kuweka kitanzi cha uzi mahali pake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyuzi za poliesta zikaanza kupisha nyuzi za polietilini ya molekuli ndefu sana, ambazo ni kazi kweli kuzikata. Lakini uzi huo unateleza, kwa hiyo fundo linahitaji mizunguko zaidi ili lisilegee. Na sasa uzi ukiwa haukatiki na nanga haitoki, kilichoanza kushindwa ni kano yenyewe: uzi mwembamba wenye nguvu huipasua taratibu ukivutwa.

Jibu la tatizo hilo lilikuwa kutawanya mzigo. Zikaletwa nyuzi bapa. Zikaletwa nanga za mistari miwili, mstari mmoja ndani na mwingine nje, nyuzi zikipita juu ya kano na kuilaza kwenye eneo pana la mfupa. Eneo pana la kugusana ni zuri kwa uponaji. Hata hivyo kano iliyobanwa kupita kiasi hukosa damu, na kwenye baadhi ya wagonjwa waliofungwa mistari miwili kano iliachia mbele zaidi, karibu na msuli, mahali pagumu zaidi kurekebisha. Kila mara mhandisi alipoimarisha sehemu moja, mvutano uliitafuta iliyofuata kwa udhaifu. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote ya hadithi hii, na inafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba kifaa chenye nguvu zaidi ndicho bora zaidi.

Mvutano wenyewe ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Nyoosha mkono pembeni ukishika chupa ya maji ya lita moja na nusu. Chupa iko karibu sentimita 60 kutoka katikati ya kiungo cha bega. Misuli inayoinua mkono inavuta ikiwa sentimita 3 hivi kutoka hapo. Sitini ukigawa kwa tatu ni ishirini, kwa hiyo kilo moja na nusu ya maji inadai mvuto wa kilo 30. Mkono wenyewe, wenye kilo tatu na nusu hivi na uzito wake ukiwa katikati, unadai kilo 35 nyingine. Jumla ni kama kilo 65, zinazogawanywa kati ya msuli mkubwa wa nje ya bega na kano nne zilizo chini yake. Nanga moja kwenye mfupa wenye afya huhimili makumi ya kilo, na inatakiwa ihimili mara maelfu, sio mara moja. Mgonjwa wa wiki ya tatu anayenyanyua sufuria ya uji kwa sababu maumivu yameisha anaweka mzigo ambao hata mhandisi hodari hakuukusudia kwa wakati huo.

Kuhusu zana zinazoingiza nanga, watu hawazifikirii kabisa, lakini mafanikio mengi yako hapo. Glovu zina maji na damu, mpini ukiteleza nanga inapinda. Kina kikikosewa kwa milimita mbili, kichwa cha nanga kinabaki nje na kuisaga kano kila mkono unapogeuka. Ndiyo maana fimbo ya kuingizia huwa na alama ya kina inayoonekana hata kwenye kamera. Nyuzi mbili za nanga moja hutiwa rangi tofauti, kwa kuwa ndani ya kiungo kilichojaa maji, kupitia mrija mwembamba, nyuzi za rangi moja huchanganyikana na daktari akafunga zisizofungana. Kuna pia suala la mkono kuhisi. Bingwa mzoefu anapozungusha nanga hujua kwa upinzani wa mpini kama mfupa umeipokea au umesagika. Mpini mnene uliofunikwa mpira laini kupita kiasi humnyima habari hiyo.

Sasa chuma. Nanga nyingi za metali hutengenezwa kwa titani. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden, aliweka vifaa vya titani kwenye mifupa ya sungura ili kuchunguza damu, na alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umeota ukavishika. Tangu hapo titani imekuwa kipenzi cha wapasuaji. Haishiki kutu mwilini, kwa sababu uso wake hujifunika tando jembamba linaloizuia kumomonyoka. Sumaku haiivuti, kwa hiyo mwenye nanga ya titani kwa kawaida anaweza kupigwa MRI, ila picha ya eneo lililo karibu na nanga huwa na kivuli. Na haihitaji kutolewa kano ikishapona. Nimesikia watu wakiweka akiba kwa ajili ya upasuaji wa kutoa chuma. Sahani na misumari ya mifupa mara nyingine hutolewa, ndipo dhana hiyo ilipotokea. Nanga iliyotulia ndani ya mfupa huachwa humo maisha yote, na hutolewa tu ikilegea, ikisumbua au ikipata maambukizi.

Sio zote ni za metali. Ziko za plastiki ngumu isiyoyeyuka. Ziko zinazoyeyuka, za poliesta itokanayo na asidi ya laktiki, ambazo maji ya mwili huzivunja polepole mpaka zikaishia kuwa maji na hewa ya kaboni tunayoitoa kwa pumzi. Kwa maelezo hayo zinaonekana kamilifu. Uhalisia ulikuwa mgumu zaidi: baadhi ya aina za mwanzo ziliyeyuka haraka mno na kuacha mashimo kwenye mfupa, nyingine zilikaa miaka bila kwisha. Siku hizi huchanganywa na madini ya kalsiamu na fosfeti ili mfupa uwe na kitu cha kuingilia nafasi inapobaki. Halafu ziko nanga zisizo na kitu kigumu kabisa, ni uzi mtupu uliofumwa ukajikusanya kuwa fundo nene ukivutwa chini ya ganda la mfupa. Hizi zinahitaji tundu dogo, na ni nafuu kwa mfupa.

Kuyeyuka kwa nanga kunaleta jambo linalotuhusu sana sisi wa kanda ya kati. Plastiki hizo huanza kulainika kwenye joto la karibu nyuzi 60. Haziwezi kuingia kwenye mashine ya mvuke ya hospitali, inayofika nyuzi 121 au 134, kwa hiyo husafishwa kiwandani kwa gesi na kuja zimefungwa, tayari kwa kutumika mara moja. Boksi likiachwa kwenye gari lililofungwa vioo juani linaweza kukaribia joto hilo, na unyevu ukiingia kwenye pakiti huanza kuimomonyoa nanga kabla haijafika kwa mgonjwa. Mtunza stoo ni sehemu ya upasuaji, ingawa jina lake haliandikwi kwenye faili.

Goti lina mkanganyiko wake. Mchezaji akiambiwa ligamenti ya ndani ya goti, ile inayopita katikati kwa mshazari, imekatika, wengi hudhani itashonwa. Ikikatika katikati kwa kawaida haishonwi, kwa kuwa ncha zake huchakaa na maji ya kiungo huzuia damu kuganda. Daktari huchukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa huyohuyo, mara nyingi nyuma ya paja au mbele ya goti, anaipitisha kwenye mashimo ndani ya mifupa miwili, anaikaza kwa skrubu inayoibana ukutani mwa shimo au kwa kitufe kidogo kinachokaa nje ya mfupa. Kano hiyo ngeni inahitaji kuota ndani ya mashimo na kupata damu upya. Ndiyo sababu mchezaji husubiri miezi tisa au zaidi kurudi uwanjani, hata goti likionekana zuri mwezi wa nne. Anayemshangilia arudi mapema anamtakia mabaya bila kujua.

Kwa bega ratiba ni hii, kwa jumla. Wiki nne hadi sita mkono unatundikwa kwenye kitambaa, na mazoezi ni yale tu ambayo mtaalamu wa fiziotherapia ameruhusu. Kisha mgonjwa huanza kuunyanyua mwenyewe bila mzigo. Kubeba uzito huanza karibu na wiki ya 12, taratibu. Nguvu huendelea kurudi mpaka miezi sita, wengine mwaka. Maumivu huondoka mapema kuliko kano inavyopona, na tofauti hiyo ndiyo inayowaponza watu. Sigara hupunguza damu inayofika pale. Kisukari kisichodhibitiwa hufanya vivyo hivyo. Sindano za steroidi zikichomwa mara kwa mara begani hupunguza maumivu lakini hudhoofisha kano, kwa hiyo mwambie daktari kama ulishachomwa na mara ngapi.

Kuhusu wazee wanaokanda, nasema kwa heshima: mikono yao imewapa nafuu watu wengi wenye misuli iliyokaza. Lakini kano iliyorudi ndani sentimita mbili haiwezi kusukumwa kwa nje ikashika mfupa, na kuuzungusha kwa nguvu mkono ambao kano yake imebaki kushika nusu kunaweza kuing'oa nusu iliyobaki.

Ugumu mkubwa kwetu ni wa mpangilio. Mara nyingi nanga ya kiwanda kimoja haiingii kwenye mpini wa kiwanda kingine. Hospitali inaweza kuwa na nanga bila fimbo yake, au fimbo bila drili ya kipimo chake, na mgonjwa aliyesafiri kutoka Mpwapwa akaahirishwa. Ningekuwa na sauti kwa wanaobuni vifaa hivi, ningewaomba mpini mmoja unaokubali nanga nyingi, unaovumilia mashine ya mvuke mamia ya mara, na drili inayofanya kazi hata umeme ukikatika katikati ya shughuli. Hayo si mambo madogo. Dodoma ina Hospitali ya Benjamin Mkapa jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo wengi wetu bado tunaiita General, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa, MOI, ambayo kwa treni ya SGR imekuwa karibu kuliko zamani. Wataalamu wa vifaa tiba wanafundishwa nchini, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) ikiwa mojawapo ya vyuo vinavyowafundisha. Watu wanaofungua zana hizi, kuziosha, kuona zinapovunjikia, wako hapa, na maoni yao yana thamani kwa mbunifu yeyote mwenye masikio. Na ile njia ya zamani ya kutoboa mfupa isidharauliwe. Mikononi mwa bingwa aliyeizoea, inaponya, na gharama yake ni nafuu zaidi kwa mgonjwa wa kawaida. Daktari akikuambia atatumia njia hiyo, hajakupa huduma ya daraja la chini.

Vifaa vyenyewe husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi 2019 ilikuwa TFDA. Kama ndugu wanaambiwa wanunue nanga nje ya hospitali, waulize kama imesajiliwa, waangalie tarehe ya mwisho kwenye pakiti na kama pakiti haijafunguliwa. Nanga iliyoandikwa ya matumizi ya mara moja haichemshwi na kurudiwa.

Ukiwa mbele ya bingwa, muulize kano imerudi ndani kiasi gani na msuli una hali gani, kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayoonyesha matumaini yako yawe makubwa kiasi gani. Muulize nini kitatokea ukichagua mazoezi bila kisu. Muulize nani atakusimamia mazoezi baada ya kuruhusiwa, hasa kama unarudi Kongwa au Kondoa ambako kliniki ya fiziotherapia haiko mlango wa pili, na kama unaweza kufundishwa mazoezi ya nyumbani kabla hujaondoka. Panga mapema nani atachota maji na nani atalima katika miezi mitatu hiyo. Na kabla hujatoka wodini omba stika inayotoka kwenye pakiti ya nanga, yenye jina, malighafi na ukubwa wake, ibandikwe kwenye kadi yako ya kliniki. Siku utakapohitaji MRI, mtaalamu wa mionzi ataiulizia kabla hajakuingiza kwenye mashine.